Kufuma kwa Kroshia Mombasa: Mwongozo Kamili wa Zawadi na Mapambo ya Nyumba

Mombasa, kabla hujawaza ufume nini, waza uzi. Hewa ya hapa ina joto, ina chumvi na ina unyevu, na kila kitu unachokiweka sebuleni kitashikwa na mikono yenye jasho, kitapigwa vumbi, kitafuliwa na kuanikwa tena na tena. Kazi iliyofumwa vizuri kwa uzi usiofaa hupotea mapema, na aliyepewa zawadi ataificha kabatini kwa adabu. Mwongozo huu basi umepangwa kwa ajili ya mtu wa Pwani: uzi unaovumilia, rangi tunazozijua, na vitu ambavyo nyumba zetu zinavitumia kweli. Hauhitaji uwe umewahi kushika kroshia, ile sindano yenye ncha ya ndoano.

Uzi na kroshia

Chagua pamba. Pamba hunyonya jasho, haichomi ngozi, hufulika kwa sabuni ya kawaida, na haiyeyuki ikiguswa na kitu cha moto. Akriliki ni rahisi kupatikana, ina rangi nyingi zinazong'aa na haichuji, kwa hiyo yafaa kwa maua ya kupamba, vishikio vya funguo na foronya za mito ya kuegemea. Usiitumie kamwe kwa kitu kitakachoshika sufuria: akriliki ni plastiki, ikikutana na moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Sufu iache, isipokuwa unamfumia mtu anayeishi kwenye baridi ya Limuru au Nyahururu. Hapa hukaa sandukuni mpaka nondo waimalize.

Kwa kuanza, tafuta uzi wa pamba wa unene wa wastani na kroshia ya milimita 4. Ukubwa huo unakuonyesha kila mshono waziwazi. Vile vitambaa vyembamba vya makochi ambavyo mama zetu walifuma kwa kroshia za chuma zisizofika milimita 2 ni vizuri mno, lakini ni kazi ya macho na subira, na anayeanzia hapo mara nyingi huacha. Anza na milimita 4, vyembamba utavifikia.

Nunua kroshia ya alumini, ya mbao au ya mwanzi. Ya chuma cha kawaida hushika kutu haraka kwenye hewa hii ya bahari, na kutu huacha madoa ya kahawia ambayo kwenye uzi mweupe hayatoki. Kama umerithi kroshia za chuma za nyanya yako, zipake mafuta kidogo na uzihifadhi zimefungwa kitambaa kikavu. Kabla ya kufuma zifute mpaka ziwe kavu kabisa.

Vingine ni mkasi mdogo mkali, sindano butu yenye tundu kubwa ya kufichia mikia ya uzi, tepu ya fundi cherehani, na vipande vifupi vya uzi wa rangi tofauti vya kuwekea alama. Basi.

Ukiwa dukani, fanya mambo mawili. Kwanza, toka na uzi mpaka mlangoni uutazame kwenye mwanga wa jua. Taa za dukani hudanganya, hasa kwenye buluu na zambarau. Pili, soma karatasi iliyozungushiwa uzi: huwa na namba ya rangi na namba ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja. Vidonge viwili vya uzi wa rangi ileile lakini vya mikupuo tofauti vinaweza kuachana kidogo, na tofauti hiyo utaiona siku foronya imeshakwisha. Nunua uzi wote wa kazi moja siku moja.

Uzi mwekundu, mweusi na wa buluu iliyokolea ujaribu kabla ya kuuchanganya na mweupe. Kata kipande kirefu, kilowe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha kibane ndani ya kitambaa cheupe mpaka kikauke. Kitambaa kikitoka na doa, uzi huo unachuja. Utumie kwa kazi ya rangi moja, au uuloweshe na kuusuuza mpaka maji yatoke safi ndipo uufume.

Mishono minne inayotosha

Kila kitu kilichomo humu kimetokana na mishono minne. Jifunze hii kwa kipande cha majaribio, ukikosea fumua. Kroshia ina rehema hiyo: ukivuta uzi kazi inafumuka yote na uzi unabaki salama.

*Fundo la kuanzia.* Tengeneza kitanzi karibu na ncha ya uzi, pitisha uzi unaotoka kwenye donge ndani yake, na ukivute kwenye kroshia. Kikae vizuri bila kubana. Kroshia iweze kuteleza ndani yake.

*Mnyororo.* Zungusha uzi juu ya kroshia kutoka nyuma kuja mbele, uuvute kupitia kitanzi kilichopo. Umepata mnyororo mmoja. Rudia. Kitanzi kilichoko kwenye kroshia hakihesabiwi.

*Mshono wa kufungia.* Ingiza kroshia kwenye mshono, zungusha uzi, uvute moja kwa moja kupitia vyote vilivyo kwenye kroshia. Huu hauna urefu. Kazi yake ni kuunganisha mwisho wa mzunguko na mwanzo wake.

*Mshono mfupi.* Ingiza kroshia, zungusha uzi na uuvute nje: sasa una vitanzi viwili. Zungusha tena, uvute kupitia vyote viwili.

*Mshono mrefu.* Zungusha uzi kwanza, ndipo uingize kroshia. Zungusha, vuta nje: una vitanzi vitatu. Zungusha, vuta kupitia viwili vya mwanzo. Zungusha, vuta kupitia viwili vilivyobaki.

Mkono wa kushoto ndio unaoongoza uzi, na ndio unaowashinda wanaoanza. Pitisha uzi juu ya kidole cha shahada, chini ya vile viwili vya katikati, na uuzungushe mara moja kidole cha mwisho. Hapo uzi utatoka kwa mvuto ulio sawa. Anayetumia mkono wa kushoto kushika kroshia ageuze kila kitu, kulia kuwe kushoto. Kazi itatoka sawa, ila itazunguka upande wa pili.

Jaribio la kwanza: fuma minyororo 16. Ruka mmoja ulio karibu na kroshia, kisha weka mshono mfupi mmoja kwenye kila mnyororo mpaka mwisho. Utakuwa na 15. Geuza kazi, fuma mnyororo 1 wa kupandia, rudi na mishono mifupi 15. Endelea mpaka kipande kiwe mraba. Hesabu kila safu. Kipande kikizidi kupungua upana, unaruka mshono wa kwanza au wa mwisho. Kikipanuka, unaweka miwili mahali pa mmoja. Mikono ikilowa jasho, uzi unang'ang'ania kroshia: weka leso ndogo ya mkono karibu, ujifute mara kwa mara, au fumia alfajiri barazani kabla jua halijapanda. Mimi naona saa hizo ndizo bora kwa kila kitu cha mikono.

Jambo moja litakalokuokoa ukianza kufuata video na michoro ya wengine: Wamarekani na Waingereza hawaandiki sawa. Mmarekani akiandika *sc* anataka mshono mfupi, na *dc* ni mshono mrefu. Mwingereza huandika *dc* kwa ule mfupi na *tr* kwa ule mrefu. Kabla hujaanza, tafuta kama maelekezo yana *sc* popote. Yakiwa nayo, ni ya Kimarekani. Ukipuuza hili, mfuko uliopaswa kuwa mrefu utatoka nusu yake.

Rangi: itandaze leso

Watu wengi huogopa rangi. Hufika dukani, hushika nyeupe na kahawia, wakisema ni salama. Nawaambia waende nyumbani wakafungue sanduku la leso, yaani kanga.

Leso ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yale maneno yanayoandikwa chini ya mji. Waliozichora wamekwisha kukufanyia hesabu ngumu ya rangi. Itandaze leso unayoipenda kwenye mkeka, simama mbali kidogo, jiulize rangi ipi imechukua nafasi kubwa, ipi inaizuia isimwagike, na ipi ndogo inayochangamsha macho. Hizo ndizo rangi zako tatu. Gawanya uzi kwa kiasi hicho hicho: ya kwanza iwe zaidi ya nusu ya kazi, ya pili ichukue sehemu kubwa ya iliyobaki, ya tatu iwe kidogo tu. Kosa la kawaida ni kuzipa rangi zote nafasi sawa. Hapo zinagombana, na jicho halijui pa kutulia.

Mfano ulio karibu ni kisutu, leso ya harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ukimfumia bibi harusi seti ya vitambaa vya mezani kwa rangi hizo, hahitaji kuambiwa umekusudia nini. Mviringo mwekundu, mzunguko mmoja mweusi, ukingo mweupe: rangi tatu tu na tayari kazi inasema. Kumbuka lile jaribio la kuchuja, maana hapa nyekundu na nyeupe zinakaa ubavu kwa ubavu.

Ukipita Biashara Street kutazama leso mpya, chukua kijitabu au simu uandike michanganyiko inayokuvutia: machungwa na zambarau, kijani cha majani ya mgomba na njano, waridi na buluu ya bahari. Utaona kwamba leso karibu zote zina rangi moja iliyokolea sana, mara nyingi nyeusi au buluu nzito, inayozipa rangi nyingine heshima. Fanya vivyo hivyo. Kazi yenye rangi nne za kung'aa bila moja nzito hufifia machoni, hasa kwenye nyumba zetu zenye madirisha makubwa na mwanga mwingi.

Tazama pia chumba kitakapokaa kitu. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina kuta nyeupe na mbao nyeusi, kwa hiyo karibu rangi yoyote hukubali. Sebule yenye makochi ya maua tayari ina kelele. Hapo chagua rangi mbili zilizomo kwenye kochi lenyewe.

Kazi ya kwanza: vitambaa vya kuwekea vikombe

Seti ya sita ni zawadi kamili kwa nyumba inayopika kahawa chungu, au hata chai ya maziwa ya saa kumi. Kila kimoja hutumia uzi kidogo; gramu 50 za pamba hutoa vinne au vitano. Tumia kroshia ya milimita 4.

Fuma minyororo 4, unganisha wa mwisho na wa kwanza kwa mshono wa kufungia. Umepata pete ndogo.

Mzunguko wa 1: fuma minyororo 3, hiyo inahesabiwa kuwa mshono mrefu wa kwanza. Ndani ya pete weka mishono mirefu 11. Jumla 12. Funga kwenye mnyororo wa tatu wa ile mitatu ya mwanzo.

Mzunguko wa 2: minyororo 3, mshono mrefu 1 mahali palepale, kisha mishono mirefu 2 juu ya kila mshono. Jumla 24. Funga.

Mzunguko wa 3: minyororo 3 na mrefu 1 mahali palepale, mrefu 1 kwenye unaofuata, halafu endelea miwili, mmoja, miwili, mmoja. Jumla 36. Funga.

Mzunguko wa 4: miwili, mmoja, mmoja; miwili, mmoja, mmoja. Jumla 48. Funga.

Ukingo: badilisha rangi, fuma mnyororo 1, weka mshono mfupi mmoja juu ya kila mshono, funga, kata uzi ukiacha mkia wa sentimita 15.

Utakuwa na mviringo wa takribani sentimita 10. Kanuni iliyofichika hapa ndiyo ufunguo wa mviringo wowote utakaoutaka maishani: kwa mishono mirefu unaanza na 12 na kila mzunguko unaongeza 12, kwa mishono mifupi unaanza na 6 na kuongeza 6. Mviringo ukiinuka pembeni kama kofia, umeongeza kidogo mno. Ukijikunja mawimbi mawimbi, umezidisha. Usijidanganye kwamba pasi itaunyoosha; rudi kwenye mzunguko uliokosea, hesabu, fumua.

Kubadilisha rangi kuna ujanja mmoja: usisubiri mshono uishe. Katika mshono wa mwisho wa rangi ya zamani, vitanzi viwili vikibaki kwenye kroshia, shika rangi mpya ndiyo uivute kupitia vyote viwili. Rangi itageuka palepale unapotaka, bila nukta ya rangi ya zamani kuchungulia juu.

Kwa mbinu hiyo hiyo unapata mkeka wa sahani: endelea mpaka mzunguko wa 12 au zaidi. Na kwa kishikio cha sufuria, fuma miviringo miwili ya mizunguko saba, iweke mgongo kwa mgongo, uiunganishe kwa mishono mifupi inayopita kwenye yote miwili. Safu moja haitoshi; mishono mirefu ina matundu na joto hupenya. Pamba tupu, narudia, na iwe kavu: kishikio kilicholowa hupitisha moto mkononi mara moja.

Mraba, na foronya inayotokana nao

Huu ndio mfumo wa rangi. Kila mzunguko unaweza kuwa na rangi yake, na vipande vya uzi vilivyobaki kwenye kazi nyingine hupata mahali.

Anza na minyororo 4, funga pete.

Mzunguko wa 1: minyororo 3, mirefu 2 ndani ya pete. Minyororo 2. Kisha mara tatu: mirefu 3 ndani ya pete, minyororo 2. Funga juu ya ile minyororo 3 ya mwanzo. Una mafungu manne na kona nne. Kata uzi.

Mzunguko wa 2: unganisha rangi mpya kwenye nafasi ya kona yoyote. Minyororo 3, mirefu 2, minyororo 2, mirefu 3, vyote ndani ya kona hiyo. Mnyororo 1. Kwenye kona inayofuata: mirefu 3, minyororo 2, mirefu 3, halafu mnyororo 1. Fanya hivyo kwa kona zote, funga, kata.

Mzunguko wa 3: kona zinafumwa vilevile. Tofauti ni kwamba sasa, kati ya kona na kona, kuna nafasi ya mnyororo mmoja: weka fungu la mirefu 3 ndani yake, ukitanguliza na kumalizia kwa mnyororo 1.

Mizunguko inayofuata inakwenda hivyohivyo. Kila mara ubavu unapata fungu moja zaidi. Mizunguko minne hutoa mraba wa takribani sentimita 10, lakini mikono inatofautiana, kwa hiyo pima wa kwanza kabla hujafuma wa pili. Mzunguko wa mwisho wa miraba yote uwe wa rangi moja, ile nzito. Huo ndio pindo lako, na ndio unaoifanya miraba yenye rangi kumi tofauti ionekane ndugu.

Kwa foronya ya mto wa sentimita 40 kwa 40 unahitaji miraba 16 ya sentimita 10 upande wa mbele, minne kwa minne. Wengi hufuma mingine 16 ya nyuma. Ushauri wangu ni kushona nyuma kwa kipande cha leso iliyochoka, hasa ile ambayo haiwezi tena kuvaliwa lakini jina lake bado linasomeka. Unapunguza kazi nusu, mto unapata upande laini wa kulalia wakati wa joto, na rangi zinalingana kwa sababu ulizitoa humo humo. Kata leso sentimita 43 kila upande ili upate akiba ya kukunja pindo, acha mdomo wa kuingizia mto, weka vifungo vitatu.

Kuunganisha miraba: ipange yote chini kwanza, izungushe mpaka rangi zinazofanana zisikae pamoja, piga picha. Kisha weka miwili uso kwa uso, shona kwa sindano butu ukichukua kitanzi cha nje tu cha kila upande. Unganisha safu zote za kulala kwanza, halafu za kusimama.

Mfuko wa sokoni

Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kila nyumba ina kikapu chake cha kwendea Marikiti au Kongowea. Mfuko wa kroshia hukunjika ukaingia mkobani, na ukijazwa hutanuka. Huu ndio ninaopenda kutoa zawadi kuliko vyote, kwa sababu hutoka nje ya nyumba kila siku. Uzi: pamba imara, gramu 100 mpaka 150. Kroshia milimita 4 au 4.5.

Kitako: fuma mviringo wa mishono mirefu ule ule wa vitambaa vya vikombe, uendelee mpaka mzunguko wa 6. Hesabu zake ni 12, 24, 36, 48, 60, 72. Kitako kisiwe na matundu makubwa, la sivyo ndimu na pilipili zitakuaga njiani.

Wavu: kutoka mahali ulipofungia, fuma minyororo 5, ruka mishono 2, weka mshono mfupi kwenye wa tatu. Rudia mpaka uzunguke. Utapata matao 24. Kuanzia hapo usifunge tena mizunguko, panda kwa kuzunguka mfululizo: minyororo 5, mshono mfupi katikati ya tao linalofuata. Funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye tao la kwanza ili ujue mzunguko unaanzia wapi. Mizunguko 14 au 15 yatosha. Kumbuka mzigo utaurefusha, kwa hiyo ukiona bado ni mfupi kidogo, uko sawa.

Mdomo: weka mishono mifupi 3 ndani ya kila tao. Jumla 72. Fuma mizunguko mingine mitatu ya mishono mifupi, mmoja juu ya kila mmoja. Badilisha rangi hapa kama unataka mdomo uonekane.

Mkanda: fuma minyororo 9, ruka wa kwanza, mishono mifupi 8. Geuza, mnyororo 1, mifupi 8, mpaka urefu wa sentimita 50. Ushone pande mbili za mdomo, ukipitisha sindano mara nyingi na kwa umbo la mraba wenye msalaba ndani, kama mafundi wanavyoshona mikanda ya mabegi. Hapa ndipo mifuko mingi hukatikia. Mkanda wa minyororo mitupu au mishono mirefu haufai. Hurefuka mpaka mfuko ugonge goti.

Zawadi ndogo za jioni moja

Kwa kishikio cha funguo, fuma mviringo wa mizunguko miwili, ukunje nusu, shona ukingo, ongeza mkia wa mishono mitatu mirefu iliyowekwa mahali pamoja: umepata samaki. Alama ya kitabu ni minyororo 40, safu moja ya mishono mirefu, na kishada cha nyuzi mwishoni. Pambo la mlangoni la Idi ni miviringo midogo saba au minane ya rangi tofauti iliyoning'inizwa kwenye mnyororo mrefu. Akriliki iliyobaki inafaa kwa vyote hivi.

Kitu cha mtoto mchanga kiwe pamba laini, na kisiwe na shanga wala kifungo. Macho ya mdoli yatarizi kwa uzi, maana mtoto hutia kila kitu kinywani. Usimfumie kofia nzito. Kitambaa chepesi cha kumfutia, au mpira uliojazwa mabaki ya vitambaa, vitamfaa zaidi siku ya arobaini.

Kumalizia

Kazi huheshimiwa kwa upande wake wa nyuma. Kila mkia wa uzi uupitishe kwenye sindano butu, uufiche ndani ya mishono kwa sentimita 5 ukienda, kisha urudi sentimita nyingine kadhaa ukipita njia tofauti. Fundo peke yake hufunguka kwenye sabuni. Usikate mkia karibu sana.

Halafu nyoosha. Lowesha kazi kwa maji, ikamue ndani ya taulo bila kuisokota, itandaze juu ya mkeka uliofunikwa taulo, uivute mpaka ifikie umbo na vipimo unavyotaka, uibane kwa pini zisizoshika kutu. Ikauke kivulini. Jua la Mombasa hukausha haraka lakini hula rangi, na nyekundu na zambarau ndizo za kwanza kuondoka. Miezi ya mvua za masika, Aprili mpaka Juni, pamba nzito inaweza kukaa na unyevu mpaka itoe harufu. Iwekee feni, igeuze mara mbili tatu. Pamba unaweza kuipiga pasi kwa nyuma, ukiwa umeifunika kitambaa chenye unyevu. Akriliki isiguswe na pasi: hulegea, hung'aa vibaya na hairudi.

Uzi uliobaki uhifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko, ukiwa mkavu kabisa, pamoja na kifuko cha karafuu. Ukifungua ndoo na kukuta harufu ya kuvu, anika yote kivulini siku hiyo hiyo.

Kama unafuma kwa ajili ya Idi, uanze kabla Ramadhani haijaandama. Mwezi wenyewe jioni zake zina kazi nyingine. Kwa harusi, uliza kwanza rangi za chumba.

Zawadi ikiwa tayari, andika kikaratasi ukishikize kwa uzi wa rangi ileile: imefumwa kwa uzi gani, ifuliwe kwa mikono na maji baridi, isilowekwe na jiki, ianikwe kivulini ikiwa imelazwa. Ongeza na kidonge kidogo cha uzi uliobaki, mita tatu au nne. Siku mshono utakapofumuka, mwenyewe atakuwa na wa kutilia kiraka bila kuhangaika kutafuta rangi.